Shahidi wa Theluji

Mashahidi wawili: mmoja amesema saa ile ile alipoona, wa pili amesema baada ya miaka 15. Yupi wa kuaminiwa zaidi? Mbele ya kadhi huenda jibu likawa jepesi. Katika sanaa si jepesi hata kidogo, na picha za majira ya baridi zilizochorwa nchini Norwei zinalithibitisha hilo.

Mapema mwaka 1895, Mfaransa Claude Monet alifika Sandvika, karibu na mji ambao leo unaitwa Oslo. Alisimama nje katika baridi ya kugandisha akauchora mlima Kolsås, tena na tena, zaidi ya mara kumi. Mlima ulikuwa mmoja, nuru haikuwa moja. Kwake yeye ukweli ulikuwa wa saa: atakayechelewa ameukosa.

Wakati wa Pasaka ya mwaka 1899, Harald Sohlberg, mwenyeji wa Norwei, aliiona milima ya Rondane usiku. Picha yake kubwa ya milima hiyo haikukamilika hadi 1914. Katika miaka hiyo alikwenda kuishi huko kwa muda, akachora rasimu nyingi. Picha hiyo, Usiku wa Baridi Milimani, imo katika Makumbusho ya Taifa mjini Oslo: vilele vya theluji vimezama katika buluu, miti isiyo na majani imesimama mbele, nyota inang'aa juu, wala hamna mtu.

Mwenye shaka atasema kwamba usiku ule ulikwishapita. Kilichobaki ni shauku ya moyo, na moyo hupamba. Hoja hiyo ina uzito. Lakini jicho la papo hapo nalo lina hila zake. Theluji huitwa nyeupe hata kabla ya kutazamwa, ilhali kivulini, chini ya mbingu safi, huwa na rangi ya samawati. Mazoea hudanganya upesi kuliko kumbukumbu.

Basi kuchelewa si kosa, wala kuwahi si sifa. Kosa ni kuridhika na neno la kwanza. Monet hakuiamini picha moja, akachora nyingine na nyingine. Sohlberg hakuiamini kumbukumbu peke yake, akarudi kuishi chini ya milima ile. Njia zao zilitofautiana, uaminifu wao ulikuwa mmoja: wote wawili walikubali kusahihishwa na mlima.

Kipimo hicho kinamhusu mshairi pia. Atungaye leo juu ya msiba wa miaka mingi iliyopita hastahili kuulizwa kwa nini amechelewa. Aulizwe kama, kwa muda wote huo, aliuacha msiba wake uyakatae maneno yake mepesi.