Wawili Kando ya Ghuba ya Speke

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, hauna bahari, lakini una ufuko. Wilaya ya Busega inagusa Ziwa Victoria kwenye Ghuba ya Speke. Marafiki wawili wanaotoka Bariadi, kila mmoja na pikipiki yake, hupita mashamba ya pamba kwa kiasi cha kilomita 70 hadi Lamadi. Hapo wakishika barabara ya Mwanza, ziwa huwa upande wao wa kulia, likijitokeza na kujificha. Swali la kale linawangoja njiani: je, uzuri huo ungetimia kwa msafiri wa peke yake?

Cicero, mwandishi wa Kirumi, alilijibu mwaka 44 kabla ya Kristo katika kitabu chake kuhusu urafiki. Anasimulia wazo linalonasibishwa na Archytas wa Tarentum: mtu angepandishwa mbinguni, akaona nyota zote na mpangilio wa ulimwengu, asingefurahi kama hana wa kumsimulia. Jibu hilo ni zuri, ila linaupa ulimi kazi yote. Juu ya pikipiki ulimi haufai kitu. Injini na upepo humeza kila neno. Wa mbele hushusha mguu kuonyesha shimo, wa nyuma hukwepa. Wa mbele hutupia jicho kioo cha pembeni. Asipoiona taa ya mwenzake, hupunguza mwendo. Wanachoshiriki hapo ni uangalifu, na pengine huo ndio mzizi wa urafiki kuliko mazungumzo.

Wanazuoni wa Kiislamu waliligusa jambo hili kupitia lugha. Neno safari limetoka Kiarabu, na al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilihusisha na maana ya kufunua: safari hufunua tabia. Inasimuliwa pia kwamba khalifa Umar bin al-Khattab alipomsikia mtu akimsifia mwenzake, alimuuliza kama amewahi kusafiri naye. Aristotle alitaka watu wale chumvi pamoja kwa muda mrefu kabla ya kuitana marafiki. Barabarani chumvi hiyo huliwa haraka. Tairi likipata pancha juani, mmoja huinua gurudumu, mwingine hutafuta tundu kwa kuupitisha mpira kwenye beseni la maji akivizia mapovu, na hasira ya kila mmoja huonekana wazi. Mhubiri wa Biblia, katika sura ya nne, anawasifu wawili kwa sababu hiyohiyo: mmoja akianguka, yupo wa kumwinua.

Kuna pingamizi zito. Musa alipanda Sinai peke yake, Yesu alikwenda jangwani peke yake, na Muhammad alijitenga pangoni Hira. Upweke, basi, una haki yake, na kuudharau ni kosa. Lakini Musa alirudi kwa watu wake, na Muhammad aliteremka akitetemeka hadi kwa mkewe Khadija, aliyemfunika na kumsikiliza. Kilichoonwa peke yake kilitafuta sikio la kukipokea.

Jua likizama, wale marafiki wawili wa pikipiki hupumzika karibu na maji, kwenye harufu ya dagaa walioanikwa. Kofia ngumu zinavuliwa, masikio bado yanavuma.

“Ndugu yangu, uliuona ule mtumbwi wa tanga?”

“Niliuona.”