Kuanza Uuguzi Ukubwani

Vijana wengi huamini ya kuwa kila somo lina umri wake, na aliyepitwa na umri huo hana budi kukaa nje ya ua akiwatazama wenzake. Imani hiyo, msomaji, yafaa ipimwe kabla ya kukubaliwa.

Tuseme yuko mama mmoja hapa Likuyani aliyeacha shule kwa kukosa karo. Ameolewa, amelima mahindi, ameuza maziwa Matunda, amemuuguza mama mkwe wake mpaka siku ya mwisho. Sasa ana miaka 40, naye ataka kuwa muuguzi. Wako watakaomcheka.

Wacheko hao hawakwenda mbali kutazama. Huko Ndalat, katika Nandi, Priscilla Sitienei alikuwa mkunga kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 2010, umri wake ukikaribia miaka 90, aliingia shule ya msingi, akaketi pamoja na watoto ambao baadhi yao aliwapokea mwenyewe walipozaliwa. Alitaka kuandika maarifa yake ya ukunga na mitishamba yasije yakazikwa pamoja naye. Alifariki mwaka 2022, akiwa na miaka 99. Kabla yake, mwaka 2004, Kimani Maruge alianza darasa la kwanza mjini Eldoret akiwa na miaka 84. Hata Florence Nightingale, ambaye wauguzi wa dunia nzima humtaja, alifundishwa nyumbani na baba yake. Naye alikuwa na miaka 31 alipokwenda Kaiserswerth, Ujerumani, mwaka 1851, kujifunza kazi ambayo jamaa zake waliidharau.

Lakini mifano kama hii hutufurahisha upesi mno, hata tukamsahau mgonjwa. Nukta ya desimali ikikaa pasipo pake, mtoto hupewa dawa mara kumi ya kipimo chake, wala haitamsaidia kitu kwamba aliyemdunga sindano alipata taabu nyingi maishani. Kwa sababu hiyo stashahada ya uuguzi hudai wastani wa C katika mtihani wa kidato cha nne, na C katika Biolojia. Kumlegezea mama yetu sharti hilo kwa huruma ni kumdhulumu mgonjwa. Kumzuia asilitimize kwa sababu ya mvi zake ni kumdhulumu yeye. Njia ipo: aweza kuufanya mtihani akiwa mtahiniwa wa kibinafsi, bila kuvaa sare ya shule tena.

Linalobaki ni aibu, nami naiona kuwa nzito kuliko Kemia. Kijijini huitwa mama fulani, na vijana humwamkia kwa heshima. Chuoni ataitwa kwa jina lake la ubatizo na mtu wa rika la mwanawe, tena mbele ya darasa, kwa kukosea hesabu. Nani amemwekea gharama hiyo? Si sheria, si mtihani. Ni sisi tunaocheka.

Nawe, msomaji, huenda ukaketi karibu naye siku moja. Atakuomba umweleze asidi na besi mara ya tatu. Kisha itafika zamu yenu ya kwanza ya usiku wodini, mgonjwa akate roho mikononi mwako, nawe utageuka kutafuta yuko wapi.