Shifaa na Tope la Bahari

Miongoni mwa maneno ya faraja ambayo Waislamu wa mwambao huambiana mbele ya kitanda cha mgonjwa, ni machache yanayotajwa mara nyingi kuliko fundisho la kwamba kila maradhi yaliyoteremshwa duniani yameteremshwa pamoja na dawa yake. Fundisho hili husemwa kwa nia njema, na aghalabu hupokewa kwa kuitikia amina. Lakini mtu akilikalia na kulitafakari, ataona kuwa limebeba maswali mazito. Dawa hiyo iliwekwa wapi, na iliwekwa kwa ajili ya nani? Na mgonjwa akifa kabla haijapatikana, je, ahadi imevunjwa, au ahadi hiyo haikuwako ila sisi tuliidhania? Sipendi kuyajibu maswali haya kwa kuzungumza juu ya dawa zote kwa jumla, maana jumla huficha mengi. Nitayapima kwa dawa moja iliyotafutwa baharini, katika kiumbe ambaye jicho tupu haliwezi kumwona.

Kwa miaka mingi waliotafuta dawa katika bakteria walichimba nchi kavu. Katika udongo mna kabila la bakteria waitwao aktinomiseti, ambao wengi wao huota kwa nyuzi nyembamba, nao ndio waliompa Selman Waksman na wenziwe aktinomisini mwaka 1940 na streptomisini mwaka 1943. Na udongo uliochotwa karibu na ngome ya Castel del Monte, kusini mwa Italia, ndio uliotoa bakteria ambaye kwake zilipatikana daunorubisini na doksorubisini, dawa za saratani ambazo mahospitali hayajaziacha hata leo. Mintarafu ya bahari, rai iliyotawala ilikuwa kwamba aktinomiseti waonekanao katika tope lake ni wageni tu, ambao mbegu zao zilichukuliwa na mito kutoka bara zikazama na kulala. Rai hiyo ilianza kulegea baada ya William Fenical na Paul Jensen, wa Taasisi ya Scripps huko La Jolla, California, kuchota tope la bahari ya Bahamas mwaka 1989 na kukuta ndani yake bakteria wasiokubali kuota ila kwa maji ya chumvi. Mgeni wa bara asingeitaka bahari kiasi hicho. Hawa walikuwa wenyeji. Baadaye ndugu zao walionekana katika Bahari ya Shamu na katika Ghuba ya California, na jamii nzima ikapewa jina la Salinispora.

Kazi yenyewe ya kumtenga kiumbe huyu haina fahari. Tope hukaushwa, au hupashwa moto wa kiasi, ili wafe wale wakuao haraka, kwa kuwa mbegu za aktinomiseti hustahimili ukavu na joto kuliko wao. Kisha hugongwa kidogo kidogo juu ya sahani yenye agari iliyopikwa kwa maji ya bahari, sahani ikafunikwa, na mtafutaji akangoja. Bakteria wengine hujaza sahani kwa siku mbili. Huyu humngojesha mtu majuma, hata litokee doa dogo la rangi ya chungwa, gumu, lililoshikamana na agari, ambalo huanza kuwa jeusi pale linapotoa mbegu. Mwenye pupa huitupa sahani kabla ya wakati huo, na pamoja nayo hutupa asichokijua.

Mmoja katika jamii hiyo, Salinispora tropica, alionekana kutoa kitu kinachoua seli za saratani kwa kipimo kidogo mno, na mwaka 2003 umbo la kitu hicho lilitangazwa kwa jina la salinosporamidi A. Kila seli ya mwili wetu ina chombo kiitwacho proteasomu, ambacho kazi yake ni kama ya wazoa taka wa mji: protini zilizochakaa au kuharibika hutiwa alama, zikaingizwa humo, zikakatwakatwa. Saratani ya uboho iitwayo mieloma hutengeneza protini nyingi kupita kiasi, kwa hiyo seli zake huwahitaji wazoa taka hao kuliko seli nyingine. Kazi yao ikizuiwa, seli husongwa na uchafu wake yenyewe hata ikafa. Salinosporamidi huingia katika proteasomu na kujifunga mahali hasa pa kukatia, na klorini iliyomo katika umbo lake inapokwisha kutoka, kifungo hicho hakifunguki tena.

Sasa tuulize: ustadi wa namna hii uliwekwa kwa ajili ya nani? Bakteria aliyemo topeni hamjui mwenye mieloma, wala hakuwa na haja ya kumjua. Yeye mwenyewe anayo proteasomu, na wataalamu wameona kwamba karibu na jeni zinazomwezesha kutengeneza sumu hiyo ipo jeni nyingine, inayompa kipande cha proteasomu kisichodhurika nayo kwa wepesi. Aliyeshika silaha amejivika na ngao. Urithi wake wote uliposomwa, mwaka 2007, ilidhihirika kwamba sehemu ipatayo moja katika kumi yake imetengwa kwa utengenezaji wa vitu vya namna hii. Hayo ni matumizi makubwa kwa kiumbe mdogo, naye huyatumia kwa mambo yake, katika ujirani wake wa gizani, tangu zama ambazo hakuna mwanadamu aliyekuwako wa kuugua.

Wahenga wa falsafa walikwisha kugombana juu ya jambo hili kabla ya kuwako darubini. Aristotle alifundisha kwamba mimea imewekwa kwa ajili ya wanyama, na wanyama kwa ajili ya mtu. Katika Uislamu, Muutazila walisema kwamba uadilifu wa Mungu unamlazimu kuwatendea waja wake lililo la maslahi, na wafuasi wa Imamu Ashaari, ambao mafundisho yao ndiyo yaliyokita katika madarasa ya Kishafii ya mwambao wetu, wakajibu kwamba hakuna kinachomlazimu Muumba, na kwamba matendo Yake hayaendeshwi na haja kama matendo yetu yaendeshwavyo. Naye Musa bin Maimun, tabibu wa Kiyahudi aliyefia Misri mwaka 1204, baada ya kulizingatia sana jambo hili alikataa kuamini kwamba vyote vilivyopo vimeumbwa kwa ajili ya mwanadamu; kila kiumbe, kwake yeye, kimekusudiwa kwa nafsi yake.

Ukisikiliza ugomvi huo waweza kudhani kwamba imetupasa kuchagua moja katika mawili: ama bakteria ni mtumishi wetu aliyewekewa dawa mkononi, ama dawa yake ni bahati tupu isiyo na maana. Mimi naona hatulazimiki kuchagua, na hoja yangu naitoa katika Sura ya Nahli, ambayo inaitaja bahari kuwa imetiishwa kwa ajili ya watu, ikamtaja na nyuki, ambaye katika kinywaji kitokacho tumboni mwake mna shifaa. Nyuki hafanyi asali kwa ajili ya mgonjwa. Huifanya kwa ajili ya kundi lake, lipate chakula siku ambazo maua hayapo, na mwenye kuurina mzinga hulijua jambo hilo kwa miiba anayopigwa. Hata hivyo shifaa imo, na hakuna mfasiri aliyeona kwamba makusudi ya nyuki yanaitangua. Kitu huweza kuwa na kazi yake kamili kwa mwenyewe, kikawa na manufaa kwa mwingine, na manufaa hayo yakawa neema ya kweli bila ya kuwa haki inayodaiwa. Aliyekirimiwa hushukuru, wala hamgeukii mwenye mali akamwambia kuwa mali yote ilikuwa yake.

Lililobaki ni zito zaidi, nalo ni swali la mgonjwa afaye. Salinosporamidi ilitoka katika sahani ikaingia katika majaribio ya watu, ikaitwa marizomibu, na kwa kuwa ina uwezo wa kupenya kizuizi kilichopo baina ya damu na ubongo, ilitumainiwa katika glioblastoma, saratani ya ubongo iliyo katika zile kali kabisa. Mamia ya wagonjwa walikubali kujaribiwa, baadhi yao wakipewa tiba ya kawaida peke yake na wengine wakiongezewa marizomibu. Na matokeo yalipotangazwa mwaka 2021, walioongezewa hawakuishi zaidi kuliko wenziwao, nao walipata taabu zaidi kutokana na dawa yenyewe. Safari iliyoanza topeni mwaka 1989 ilifika mlango ule ikaukuta umefungwa.

Tuseme nini hapo? Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha Ihyaa, alipozungumzia tawakali alizigawa sababu za kuondoa madhara katika daraja tatu: ziko za yakini, kama maji kuondoa kiu, ziko za kudhaniwa, na humo akaitia kazi ya tabibu, na ziko za kuwaziwa tu, kama azima. Kuacha za yakini si tawakali, ni kujiangamiza. Na kutumia za kudhaniwa hakuivunji tawakali, maadamu moyo haujaigeuza dhana kuwa yakini. Huu ndio mzani ambao fundisho letu la faraja lahitaji kupimiwa. Anayeambiwa kwamba maradhi yake yana dawa hakuahidiwa kwamba ataifikia yeye, wala kwamba itapatikana katika zama zake. Lau ingalikuwa ni ahadi kwa kila mtu, kila kaburi lingalikuwa ushahidi dhidi yake. Mimi nalisoma kuwa ni taklifu: amri kwa walio hai ya kutafuta, iliyotiwa tumaini kwamba utafutaji si upuuzi. Na kwamba si upuuzi twalijua kwa mifano. Sitarabini, itumikayo katika saratani ya damu, iliundwa kwa kuigiza vitu ambavyo Werner Bergmann alivipata katika sifongo la Bahari ya Karibi. Vinkristini ilitoka katika mmea wa Madagaska wenye maua ya rangi ya waridi, ambao wengi wetu tunao uani kwa pambo, nayo imewatibu watoto wenye ile saratani ya taya ambayo Denis Burkitt aliieleza kutoka Uganda mwaka 1958.

Taklifu ikikubaliwa, huja na masharti yake. La kwanza ni ukweli. Mwenye kusema kwamba kitu kimeua seli za saratani ndani ya sahani amesema jambo dogo, kwa kuwa vitu vingi huua seli ndani ya sahani. Na mwenye kulikuza neno hilo mbele ya mtu aliyekata tamaa, awe ni mwandishi wa gazeti au muuza chupa sokoni, amepandisha kitu cha kuwaziwa akakiweka katika daraja la yakini, na amemdhulumu mgonjwa fedha na siku zake. Wale walioyatangaza matokeo ya marizomibu kama yalivyotoka walitimiza sehemu ya wajibu ambayo haina shangwe.

La pili ni kutoharibu. Hakuna aliyejua mwaka 1988 kwamba tope la Bahamas lina cha kumfaa tabibu, na anayelipua baruti juu ya mwamba wa pwani yetu kwa ajili ya pakacha moja la samaki hajui anachokivunja. Kutokujua kwake hakumpi ruhusa. Kwamzidishia sababu ya kujizuia, kwa kuwa mtu aliyeamrishwa kutafuta hawezi kuwa na idhini ya kuchoma mahali pa kutafutia. Na la tatu ni uadilifu katika kugawana, ambalo mataifa yamelikiri kwa maandishi katika mkataba wa mwaka 1992 juu ya viumbe hai, na tena mwaka 2023 kuhusu bahari kuu isiyo ya nchi yoyote: kwamba faida ya kitu kilichochotwa katika maji ya maskini isiishie katika hazina ya tajiri.

Kwa hiyo faraja ya mbele ya kitanda cha mgonjwa na isemwe, lakini isemwe kwa maana yake. Mgonjwa asiambiwe kwamba dawa i njiani ikiwa haiko njiani. Aambiwe kwamba maradhi yake si fumbo lililofungwa milele, na kwamba wapo watu waliolikubali jukumu la kulifumbua, ingawa kazi yao yaweza kumfaa mwingine asiyezaliwa bado. Anayeyasema hayo amejifunga na yeye: asiuze tumaini, na asiiachilie bahari yake iharibiwe.