Kumpima Aliye Mzima

Katika vijiji vya milima ya Kalinzi, pale ardhi inapopanda kutoka ufukwe wa Ziwa Tanganyika hata baridi ya asubuhi ikaikubali kahawa, huulizwa swali na watu wenye imani safi kabisa, Waislamu kwa Wakristo, nalo si swali la kudharauliwa: mtu ambaye Mungu amemjalia siha, anayelima, anayekula na kulala vizuri, ana haja gani ya kwenda zahanati kuyatafuta maradhi ambayo hayajamtafuta yeye? Mwanamke anayeitwa kupimwa saratani ya mlango wa kizazi aghalabu hujibu kwamba yeye si mgonjwa. Na ndani ya jibu hilo fupi mna hoja ndefu, kwamba ghaibu ni ya Mungu, kwamba ajali ya kila kiumbe imekwisha andikwa, na kwamba kuichungulia batini ya mwili kabla Mola hajaidhihirisha ni namna ya kumshuku Yeye. Nataka kuijibu hoja hiyo kwa heshima inayoistahili, kwa sababu naamini kuwa ina kosa, na kwa sababu naamini vile vile kuwa wanaoikemea kwa haraka na kuiita ujinga wana kosa kubwa zaidi.

Tuanze na maradhi yenyewe, maana hukumu juu ya kitu hutangulizwa na kukijua. Miongoni mwa saratani za wanawake Tanzania, hii ndiyo inayoongoza. Chanzo chake ni virusi vya papiloma, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, ambavyo wanawake walio wengi huvipata wakati fulani wa maisha yao bila kujua na miili yao huviondoa yenyewe. Lakini kwa wachache hubaki, vikaigeuza nyama ya mlango wa kizazi polepole, na kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20 kabla ya mageuzi hayo kuwa saratani, au miaka 5 hadi 10 kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofishwa na Virusi vya Ukimwi asipate dawa. Katika muda huo wote hakuna maumivu. Damu isiyo ya wakati wake inapotoka, na mgongo unapoanza kuuma, aghalabu jambo limekwisha komaa.

Na kipimo ni kidogo kuliko hofu yake. Mama hulala kitandani, muuguzi akawasha taa, akaingiza chombo cha kupanulia njia, akaupaka mlango wa kizazi kwa pamba iliyochovywa katika asidi ya namna moja na siki ya jikoni, kisha akangoja dakika moja. Mahali palipoanza kugeuka hugeuka peupe. Penye weupe, ukiwa ni mdogo na haujaingia ndani, huchomwa kwa joto au kugandishwa kwa baridi siku ile ile, na mama akarudi kwake kwa miguu yake. Hapana daktari bingwa katika kazi hiyo, wala mashine ya kuagizwa ng'ambo kwa meli. Yupo muuguzi aliyefundishwa, ipo taa, pamba, siki na pazia.

Sasa nimtazame mkulima wa Kalinzi katika shamba lake la buni. Asubuhi anapita mstari kwa mstari, na mti ambao kwa macho ya mpita njia ni mzima kabisa, wenye majani ya kijani yanayong'aa, yeye huushika tawi na kuligeuza jani, kwa kuwa anajua kuwa kutu huanzia chini ya jani, unga wa rangi ya chungwa usioonekana kutoka juu. Hajapata kuambiwa na sheikh wala padri kwamba kwa kuligeuza jani amemshuku Mwenyezi Mungu aliyeiotesha kahawa hiyo. Akiacha kuligeuza, akaukosa msimu, majirani hawatasema kwamba alikuwa na tawakali nyingi.

Lakini mwili si shamba, na mwenye kuamini anastahili hoja ya imani. Masimulizi ya Kiislamu yanaeleza kuwa Khalifa Umar bin al-Khattab, alipokuwa akielekea Sham na kufika Sargh, alipashwa habari kwamba tauni imeingia mbele yake. Akashauriana na watu wake, kisha akaamua kurejea. Abu Ubaida bin al-Jarrah, sahaba ambaye hakuna aliyeitilia shaka imani yake, alimwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye Umar akamjibu kuwa anaikimbia kadari ya Mungu na kuiendea kadari ya Mungu, akapiga mfano wa mchungaji mbele ya pande mbili za bonde, mmoja wenye malisho na mmoja mkavu, ambaye po pote atakapowalisha ngamia wake amewalisha kwa kadari. Jibu hilo lina uzito wake hata leo: siki iliyomo katika chupa ya zahanati imo katika kadari kama vile virusi vilivyomo mwilini, na muuguzi wa Kalinzi hakuja kutoka nje ya ulimwengu ambao Mungu anautawala.

Imam Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, aliingia ndani zaidi. Alizigawa sababu za kuondoa madhara katika mafungu matatu: zile za yakini, kama maji kwa mwenye kiu, ambazo kuziacha si tawakali hata kidogo; zile za dhana, kama dawa zijulikanazo na matabibu, ambazo kuzitumia hakuipunguzi tawakali; na zile za wahamu, yaani za kukisia tu, ambazo mwenye tawakali huziacha. Kipimo cha siki kinaingia fungu gani? Nasema kiko katika dhana yenye nguvu. Mjini Mumbai, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wanawake wapatao laki moja na nusu waligawanywa makundi mawili, na kundi lililopimwa kwa siki na wahudumu wa afya wasio madaktari lilikuwa na vifo vya saratani hiyo pungufu kwa asilimia 31. Hiyo si yakini ya maji kwa mwenye kiu, na kipimo chenyewe hukosea, kikapita penye hatari au kikapashuku pasipo na kitu. Bali ni mbali sana na wahamu. Nao Wakristo wa Kikatoliki wanacho katika Biblia yao kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho sura yake ya 38 inaagiza tabibu aheshimiwe kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba.

Basi kwa nini mashaka hayaishi? Nadhani sehemu ya jibu haimo katika dini bali katika kumbukumbu. Watu wa nchi hizi za maziwa walipata kupimwa wakiwa wazima zamani, na hawakuulizwa. Mwaka 1906 daktari wa Kijerumani, Robert Koch, alifika visiwa vya Ssese katika Ziwa Viktoria kuyachunguza malale, akawatibu watu kwa Atoksili, dawa yenye arseniki, ambayo iliwapofua baadhi yao; na Wajerumani wakaieneza kazi hiyo hata ufukwe wa Ziwa Tanganyika, watu wakipapaswa shingo kutafuta tezi zilizovimba, na aliyeonekana nazo akapelekwa kambini. Waingereza waliofuata waliwahamisha watu katika sehemu za Buha, nchi ya Waha, na kuwakusanya katika makazi mapya ili wawe mbali na mbung'o. Sikatai kwamba malale yaliua, wala kwamba walikuwamo madaktari waliokusudia heri. Nasema tu kwamba mahali ambapo mkono wa mpimaji ulikuwa ni mkono wa serikali, na ambapo kuonekana na ugonjwa kulikuwa ndiyo kuondolewa kwenu, mtu mwenye akili hujifunza kusema kuwa yeye ni mzima.

Kisha ipo haya, na haya ni katika imani. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na kila mama aliyejifungua mikononi mwa mkunga ameutii usemi huo kwa ajili ya mtoto wake. Tena humpeleka mtoto huyo kliniki mwezi kwa mwezi, kadi mkononi, akapimwa uzito na kuchanjwa. Ila yeye mwenyewe hapimwi. Amekaa benchini nusu ya siku, hatua kumi kutoka chumba chenye kitanda na taa, na hakuna aliyemwuliza habari ya mwili wake, kwa kuwa siku hiyo ni ya watoto. Hapa ndipo ninapoona njia fupi: mama aliye na umri wa miaka 30 hadi 50 apimwe siku ile ile aliyomleta mtoto au mjukuu, na mwanamke mwenzake, nyuma ya mlango unaofungika, na habari yake ibaki amana. Mabinti zake wanacho kinachotangulia hata kipimo, maana chanjo ya virusi hivyo ilianza kutolewa Tanzania nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 hutolewa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Chanjo haimwokoi mama ambaye virusi vimekwisha kaa mwilini mwake.

Fikihi inatofautisha faradhi aini, iliyo juu ya kila mtu peke yake, na faradhi kifaya, ambayo wakiitekeleza baadhi huwatoka wote, na isipotekelezwa na ye yote wote hupata dhambi. Wanaomhubiria mwanamke wa Kalinzi juu ya kupimwa humhubiria kana kwamba ni faradhi aini yake, akikosa amekosa yeye. Naona mizani hiyo haina insafu. Kabla hajaulizwa kwa nini hakuja, jumuiya iulizwe kama muuguzi alifundishwa, kama siki ilikuwapo siku aliyokuja, kama chumba kilikuwa na pazia. Wilson na Jungner, katika maandiko yao ya mwaka 1968 kwa Shirika la Afya Duniani, waliweka miongoni mwa masharti ya kuwapima wazima kwamba pawe na tiba inayokubalika na mahali pa kuipatia. Na Injili ya Luka inamtaja mjenzi wa mnara ambaye hukaa kwanza kuhesabu gharama. Mama ambaye weupe wake ni mkubwa mno kuchomwa pale kijijini ana safari ya kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, mjini Kigoma, na pengine ana safari ya kuivuka nchi yote hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Kumwambia alicho nacho kisha kumwacha na nauli ya mauzo ya kahawa ambayo haijavunwa ni dhulma, na yeye aliyekataa kupimwa kwa kuliogopa hilo hakukosea hesabu.

Kwa hiyo swali la tawakali likiulizwa msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili, liulizwe na baraza la kata pia, panapo viongozi wa chama cha ushirika cha kahawa na wazee wa dini wa pande zote: fedha ya nauli ya mama wa kwanza atakayehitaji safari hiyo itatoka mfuko gani, nani atalala hospitali pamoja naye, na nani atawapikia watoto wake mpaka arudi.