Udhu Una Nia Yake

Binti wa kaka yangu yuko mwaka wa pili chuoni hapa Columbus, Ohio, na wiki hii lazima aandikishe fani ya shahada yake. Alikuja kwangu Jumapili asubuhi, nimetoka zamu ya usiku, akakaa jikoni tukingoja chai ichemke. "Shangazi," akaniuliza, "ipi nyepesi?"

Anataka kuwa daktari. Kwetu Muheza, Tanzania, kijana akifaulu vizuri fizikia, kemia na baiolojia kidato cha sita huweza kwenda moja kwa moja chuo cha Muhimbili akasomea udaktari miaka mitano. Hapa Marekani unasoma shahada nyingine kwanza, miaka minne, ndipo uombe miaka minne mingine ya udaktari. Shahada hiyo ya kwanza si lazima iwe ya sayansi. Wanachotaka ni masomo fulani uwe umeyapita, baiolojia, fizikia, kemia, kemia ya kaboni, biokemia, na juu yake mtihani wa MCAT unaokula karibu siku nzima. Lakini wengi huchukua sayansi kwa kuwa masomo hayo yamo humo humo, na wengi wao huangukia baiolojia. Kisha wanaanza kuhesabu alama. Somo gumu likishusha wastani, mlango nao unasogea mbali. Kwa hiyo mtoto hakuuliza upuuzi. Mimi ndiye niliyekosa la kumjibu pale pale, maana swali hilo nilijiuliza miaka 20 iliyopita, nikajijibu, na jibu langu halijaniacha nikalala vizuri.

Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, Mungu amrehemu, alitusomesha kitabu cha fiqhi kiitwacho Safina tukiwa wadogo. Faradhi za udhu ni sita, na ya kwanza ni nia, unayoitia wakati wa kuosha uso. Nilikuwa na miaka tisa. Nikamuuliza kwa nini udhu uwe na nia yake, wakati sala ina yake, na udhu wenyewe ni wa kuendea sala? Akanitazama kitambo, akasema: "Maji bila nia huondoa jasho."

Nilipohamia huku nikapata jirani, mama wa Kituruki, Mhanafi. Siku moja tukilizungumza hilo akaniambia kwao udhu husihi hata bila nia, kwa kuwa udhu ni njia tu, na njia haidaiwi nia ya peke yake. Inayodaiwa nia ni ile ibada inayoendewa. Sisi watu wa pwani, Mashafii, tunasema njia yenyewe nayo ni ibada. Wanazuoni wamehitilafiana hapo kwa zaidi ya miaka elfu moja, na mimi sina elimu ya kuwaamua. Lakini jirani yangu aliongeza neno ambalo nimekaa nalo hadi leo. Hata kwao, alisema, udhu usio na nia husihi, ila thawabu zake huzipati.

Shahada yangu ilisihi. Ipo ukutani. Nilichagua baiolojia kwa sababu ilinifikisha kwenye masharti yote kwa hatua chache, na ndani ya baiolojia nikachagua kila kozi iliyosemekana kuwa nyepesi. Muhula mmoja tulipelekwa Big Darby Creek, kijito kilicho magharibi ya mji huu, chenye kome wa maji baridi wa aina nyingi ajabu. Nilisimama majini hadi magotini, na mfukoni nina kadi za kukariri kwa ajili ya MCAT. Mwalimu wetu aliinama, akainua kome mmoja, akatuita kwa furaha kama mtu aliyeona ndugu yake stesheni. Nikasogea, nikatazama, nikaitikia, nikarudi kwenye kadi zangu. Ilinichukua miaka kujua alichokuwa akituonyesha. Baadhi ya kome hao, jike huwa na nyama pembeni mwa gamba yenye umbo la kisamaki, na jicho limechorwa, na mkia unapepea. Samaki mkubwa akija kukila, jike humrushia viluwiluwi vyake, navyo hujishika kwenye matamvua yake hadi vikomae. Kiumbe kisicho na macho ya kumwona samaki kinabeba sura ya samaki. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye ishara kubwa namna hiyo ya Mwenyezi Mungu, nami nakariri.

Niliomba shule za udaktari mara mbili. Mara zote mbili nilikataliwa. Silalamiki, nchini humu kila mwaka wanaokosa ni wengi kuliko wanaopata. Kilichoniumiza ni kwamba siku ile barua ya mwisho ilipofika, nilitafuta ndani yangu kitu ambacho miaka minne ile ilikuwa imeniachia, nikakuta majina ya vitu. Nikasoma mwaka mmoja zaidi kazi ya maabara, nikapata cheti, nikaanza zamu za usiku.

Kutazama nimefundishiwa huko, ukubwani, na mama mmoja wa Kifilipino ambaye hakusoma slaidi kabla hajaikagua rangi yake, hata wodi ikipiga simu mara ngapi. Usiku mmoja mashine ya kuhesabu damu ilituonya kwamba mgonjwa fulani ana chembe sahani chache mno. Niliiweka damu yake chini ya hadubini kuthibitisha hesabu tu. Kipimo cha malaria hakuna aliyekiagiza. Ndani ya chembe nyekundu nikaona pete. Nyembamba, nyingine mbili ndani ya chembe moja, nyingine zimebanwa ukingoni kabisa. Malaria ya falsiparamu. Mimi nimekulia chini ya milima ya Usambara. Kule juu Amani watafiti walikuwa wakichunguza malaria kabla sijazaliwa, na nyumbani tulizika watoto kwa ugonjwa huo. Nikapiga simu wodini saa tisa usiku nikauliza mgonjwa ametokea wapi. Alikuwa na siku kumi tangu arudi kutoka Afrika.

Alipona. Dawa kuu zinazoua vimelea hivyo leo, zikiwemo dawa mseto tunazomeza nyumbani, zinatokana na kazi ya Tu Youyou wa China, msomi wa famasia asiye na shahada ya udaktari wa tiba, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Nimetaka kujua sharti hili la shahada kwanza lilitoka wapi. Shule ya udaktari ya Johns Hopkins, Baltimore, ilifunguliwa mwaka 1893, na fedha zilizokosekana zilitolewa na mwanamke, Mary Elizabeth Garrett, kwa masharti yake: wanawake wapokewe sawa na wanaume, na kila anayeingia awe na shahada. Wakati huo shule nyingi za udaktari nchini zilimpokea karibu yeyote mwenye karo. Mwaka 1910 Abraham Flexner, aliyekuwa mwalimu na si daktari, alitoa ripoti juu ya shule 155 za Marekani na Kanada, na baada yake msingi wa sayansi kabla ya udaktari ukawa desturi. Ripoti hiyo iliacha jeraha: kati ya shule saba za Wamarekani Weusi zilibaki mbili, Howard na Meharry. Ila naona waliolitaka sharti lile walitaka mtu afike kwa mgonjwa akiwa tayari amezoea kuuliza kitu kwa ajili ya kitu chenyewe. Sisi tumeligeuza kuwa foleni.

Kaka yangu, baba wa binti huyu, anaendesha lori kati ya Ohio na Texas. Aliponisikia nikisema haya alikasirika, na hasira yake ina haki. "Dada," aliniambia, "mapenzi ya elimu ni ya watu wasio na madeni. Mwanangu asomee kazi." Nilimjibu, na ninarudia hapa, kwamba sidharau kazi wala fedha anayotuma kwa mama. Imam Ghazali aliihesabu tiba kuwa faradhi ya kifaya, wakiitekeleza wanaotosha inawaondokea wengine. Na alisikitika kuona watu wa zama zake wanajazana kwenye fiqhi kwa sababu ya vyeo, huku miji inakosa tabibu Mwislamu. Leo kila mzazi wa Kiswahili ninayemjua huku anamsukuma mwanawe kwenye udaktari, na vyeo ndivyo vile vile. Akitokea mtoto anayejua kuvu, au mbu, au udongo, tunamsikitikia kama aliyefeli. Hilo si sawa. Na mgonjwa wangu wa saa tisa usiku hakuwa na haja ya mtu aliyechagua kozi nyepesi.

Nimemuuliza binti ni somo gani lilimfanya asahau simu yake. Aliona haya, kisha akasema: kuvu. Mwaka jana walisoma nusu muhula juu ya kuvu, naye alikuwa akienda msituni peke yake wikiendi kutafuta uyoga. Ila ni fani ngumu, mwalimu ana mkono mzito wa alama, na madaktari hawana habari nayo. Nikamchukua hadi kwenye kompyuta nikamwonyesha picha ya histoplasma, kuvu inayoishi kwenye udongo wenye kinyesi cha ndege na popo katika bonde hili hili la mto Ohio tunalokanyaga, inayoingia mapafuni watu wakadhani ni kifua kikuu. Alisogeza kiti. Chai ikapoa.

Nilimwambia aandikishe fani hiyo ya kuvu. Wastani unaweza kushuka, na huenda shule za udaktari zikamkataa kama zilivyonikataa mimi; nilimwambia hilo pia, wala sikulifunika. Akitia udhu wa alfajiri aendelee kuomba udaktari, mimi naomba naye. Fomu inafungwa Ijumaa saa sita mchana, na hadi ninaandika haya bado hajaijaza. Kaka, ukimpigia leo ukiwa njiani, usimuulize udaktari lini. Muulize amejifunza nini juu ya uyoga, kisha umsikilize hadi amalize.