Msimvue Mekatilili Hando Lake

Wajukuu zangu mnaoandika hadithi huko Kitale na Bungoma, nimezisoma. Kalamu mnazo, sibishi. Lakini huyu Mekatilili wa Menza wenu simtambui; mmemvua hando, vazi la wanawake wa Kigiriama. Mmoja kampandisha farasi, mwingine kampa mchumba ofisa wa Kizungu. Farasi, kwa Wagiriama, mwaka 1913! Haya.

Alikuwa mjane, mtu mzima, aliyezunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, watu wakimfuata. Serikali ya kikoloni ilitaka kodi, na vijana wakawatumikie Wazungu; yeye akawaambia watu wakatae. Husimuliwa kwamba alifika barazani na kuku mwenye vifaranga, akamwambia ofisa Arthur Champion ajaribu kuchukua kifaranga kimoja tu. Kuku akamdonoa. Hapo mwandishi aliyeiva ananyamaza, maana kila mama aliyekuwapo ameshaelewa. Nyinyi mkamwongezea hotuba ya kurasa tatu.

Oktoba 1913 akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakaletwa huku magharibi. Vitabu vingine vinataja Kisii, vingine Mumias, hapo kwa jirani zetu. Januari 1914 wakatoroka, wakarudi Pwani kwa miguu. Mamia ya kilomita, katikati ya kiangazi, katika nchi za watu ambao hawakujua Kigiriama. Walikunywa wapi? Nani aliwapa pa kulala? Hapo ndipo penye kazi ya riwaya, na hapo ndipo mliporuka: sura ya tano wako gerezani, sura ya sita wamefika kwao. Ulizeni mito ilipo. Ulizeni nani aliishi njia ile wakati huo. Kisha tungeni mpendavyo.

Msidhani nawaonea. Beryl Markham, aliyelelewa Njoro na kuruka kwa ndege peke yake kutoka Uingereza kuvuka Atlantiki mwaka 1936, aliandika kitabu cha maisha yake mwaka 1942 wala hakuwagusia waume zake. Mwaka 2015 Mmarekani Paula McLain akamtungia riwaya, Circling the Sun, nayo ikajaa mapenzi. Ni haki yake, riwaya ni riwaya. Tena Beryl hadhuriki sana: kitabu chake kipo, anayetaka atalinganisha. Mekatilili hakuacha hata barua. Uongo wenu ukichapishwa, mtoto wa shule atauandika kwenye mtihani kama historia, na mwalimu atampa alama.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. Mwishoni mwa kitabu wekeni ukurasa mmoja wa kusema hili lilitokea, hili nimelitunga. Na kabla hamjaenda kuwatafuta mashujaa wa mbali, kaeni na kukhu zenu, yaani bibi zenu. Wapo ambao mama zao walipalilia mahindi ya masetla hapa Trans Nzoia, na wanakumbuka nani alilipwa nini na nani alifukuzwa. Nendeni mwezi huu, na daftari mkononi.