Shahidi Anayetufurahisha

Mwezi huu twataka kulizungumza jambo dogo la ufundi ambalo ndani yake mna swali la haki. Swali ni hili: mtu akilinyamazisha onyo asilolipenda, bila kutamka neno lolote la uongo, je, amesema uongo? Na swali la pili lafuatana nalo: kati ya shahidi anayetutisha na shahidi anayetufurahisha, yupi yatupasa kumhoji zaidi?

Tuanze na kompyuta, kwa kuwa siku hizi zimefika hata kwetu Ntalikwa. Si kila mtu aweza kununua iliyo mpya katika boksi lake. Wako vijana wanaonunua vipande kimoja kimoja, vingine vipya na vingine vilivyokwisha tumika, wakaviunganisha wenyewe nyumbani mpaka vikawa mashine kamili. Kazi hiyo ni ya kusifiwa. Lakini aliyeiunga mashine kwa mikono yake ndiye pia atakayeulizwa ikipata joto kupita kiasi, na hapo ndipo maneno yetu yanapoanzia.

Moyo wa mashine hiyo ni prosesa, kipande chembamba kidogo kuliko kiganja cha mtu. Kikifanya kazi hutoa joto jingi. Juu yake hufungwa kipande cha alumini chenye mapezi, na juu ya mapezi hayo feni. Kati ya prosesa na alumini hupakwa pesti ya kupitishia joto. Joto hutoka kwenye prosesa, hupanda kwenye mapezi, na feni hulipeperusha. Mwezi wa Oktoba, joto la mchana hapa Tabora likipita digrii 30 za Sentigredi na vumbi likiingia kila mahali, feni hiyo haina likizo.

Mashine ina njia mbili za kutuambia hali yake. Ya kwanza ni kasi ya feni. Katika nyaya za feni mna mmoja ambao kazi yake ni kurudisha habari: kila feni inapozunguka mara moja, waya huo hupeleka mapigo mawili. Bodi kuu huyahesabu mapigo, ikagawa kwa mbili, ikajua feni imezunguka mara ngapi kwa dakika. Njia ya pili ni kihisi cha joto kilichomo ndani ya prosesa yenyewe. Hawa ndio mashahidi wetu wawili. Kama walivyo mashahidi wote, wakati mwingine husema kweli, wakati mwingine hukosea, na wakati mwingine husema kweli nasi tusielewe.

Tutoe mifano mitatu ambayo kila fundi aijua.

Wa kwanza: mashine ikiwashwa huandika kwamba feni haizunguki, kasi yake ni 0, wala haitaki kuendelea mpaka kitufe kibonyezwe. Tukifungua ubavu wake twaona feni yazunguka vizuri. Huenda feni imechomekwa mahali pasipokuwa na njia ya ule waya wa habari. Huenda waya wenyewe umekatika. Tena kuna bodi zinazotoa onyo feni ikizunguka chini ya mara 600 kwa dakika, na kuna feni za polepole ambazo huo ndio mwendo wake wa kawaida. Hapa shahidi ametisha bila sababu.

Wa pili: kasi ya feni yasomeka 2,000, nzuri kabisa, lakini joto lapanda mpaka digrii 90 katika dakika chache. Mara nyingi katika misumari minne ya plastiki inayoishika alumini, mmoja haukuingia. Au karatasi ya nailoni iliyofunika chini ya alumini haikubanduliwa. Au pesti imekauka. Au vumbi limeziba mapezi. Mashahidi wote wawili wasema kweli, lakini mwenye mashine humshika yule mmoja na kusema, "Feni ni nzima, tatizo liko wapi?"

Wa tatu ndio wa ajabu. Chumba kina digrii 31, na mashine yasema prosesa ina digrii 24. Mwenyewe afurahi na kuwaonyesha rafiki zake. Lakini jambo hilo haliwezekani. Maji ya mtungi hupoa kuliko hewa kwa sababu mtungi hutoka jasho, na jasho likikauka huondoka na joto. Alumini haitoki jasho. Upepo wa feni hauwezi kukipoza kitu kikavu kikawa baridi kuliko upepo wenyewe. Kosa hili lina asili yake. Katika prosesa nyingi za Intel, kihisi husema umebaki umbali gani kuufikia ukomo wa joto. Programu huuchukua ukomo, ikatoa umbali huo, ikatuandikia jibu. Sasa ikiwa ukomo wa kweli ni 100 na umbali uliobaki ni 40, joto ni 60. Programu iliyoandikiwa kwamba ukomo ni 85 itasema 45. Hesabu yake ni sahihi, ila imeanzia mahali pasipo pake.

Basi tuangalie watu hufanya nini. Katika mfano wa kwanza, mara nyingi huingia katika mipangilio ya mashine, hulizima onyo, na habari ikaisha. Katika mfano wa tatu hawafanyi lolote. Nani atamhoji shahidi aliyemletea habari njema?

Sisi wa Tabora tusiione habari hii kuwa ya wenye kompyuta tu. Wakulima wetu wa tumbaku ya mvuke wanajua maana ya kipimajoto ndani ya bani. Majani huanza kugeuzwa rangi kwa joto lisilozidi sana digrii 40, kisha joto hupandishwa pole pole kwa siku kadhaa, mpaka kwenye digrii 70 hivi za kukausha vikonyo. Kipimajoto kikisema pungufu, mkulima huongeza kuni, na mazao ya mwaka yakaungua huku namba ikionekana njema. Kwa sababu hiyo mkulima mwenye busara hutazama namba, kisha huingia, huyashika majani na kuyanusa.

Tena shahidi wa kweli aweza kuonekana mwongo mbele ya hakimu asiyejua. Shuleni tulifundishwa kwamba maji huchemka kwenye digrii 100. Lakini Tabora iko juu ya bahari kwa mita 1,200 hivi, na hapa maji huchemka kwenye digrii 96 hivi. Mtu akikijaribu kipimajoto chake katika sufuria, akaona 96, akakitupa, amemfukuza shahidi mwaminifu.

Nchi yetu ina kisa cha zamani kuhusu jambo hili hili. Mwaka 1857 na 1858, Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walipita Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, kwa njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji. Wakati ule kimo cha nchi kilipimwa kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, kwa sababu ile ile tuliyoieleza. Kwa Ziwa Tanganyika walipata futi 1,800 hivi juu ya bahari. Leo twajua ni zaidi ya futi 2,500, yaani mita 770 hivi. Kosa la kipimajoto lisilofikia digrii 1 ya Sentigredi latosha kuleta tofauti hiyo yote. Vyombo vyao vingi vilikuwa vimeharibika safarini, na namba ikisha kuandikwa katika kitabu huonekana imara kama nyingine yoyote. Msomaji aliyekaa London hakuweza kuona kwa macho tofauti kati ya namba iliyopimwa vizuri na ile iliyopimwa kwa chombo kibovu.

Sasa turudi kwenye swali letu la kwanza. Wengine husema kuzima onyo si uongo, kwa kuwa hakuna aliyesema neno. Twadhani hawasemi sawa. Tuseme fundi aunga mashine na kuipeleka katika ofisi ya parishi, mahali watakapoandika daftari la ubatizo na hesabu za sadaka. Onyo la feni amekwisha lizima. Karani akiwasha mashine na kuona haina malalamiko, anaelewa kwamba iko salama. Imani hiyo nani ameiweka ndani yake? Ni fundi, kwa mkono wake. Miezi sita baadaye vumbi likiikwamisha feni, mashine haitakuwa na sauti ya kulia. Itapunguza kasi yake, maana ndivyo prosesa zinavyojilinda, kisha itajizima katikati ya kazi, na maandishi ya siku hiyo yakapotea. Karani ndiye atakayelaumiwa kwamba hajui kutumia kompyuta. Basi aliyelinyamazisha onyo la mwenzake amemwambia jambo lisilo kweli, na tena amemwondolea njia ya kuligundua.

Lakini lazima tuwe wa haki kwa fundi pia. Onyo linalolia kila asubuhi bila sababu nalo lina madhara. Watu hulizoea, wakabonyeza kitufe bila kusoma, na siku likilia kwa kweli hakuna atakayesikia. Zaidi ya hayo, feni mpya ni fedha, na duka liko mbali. Kwa hiyo hatusemi kwamba ni haramu kulizima onyo lolote. Twasema kwamba yako mambo matatu ya kutimizwa kwanza.

La kwanza, atafutwe shahidi wa pili. Feni itazamwe kwa macho. Mashine iliyolala imezimwa usiku kucha iwashwe asubuhi, na joto linalosomeka lilinganishwe na joto la chumba: liwe juu yake kidogo, lisiwe chini kamwe. Kisha ipewe kazi nzito, tuone kama joto lapanda na kushuka kazi ikiisha. Kihisi kisichobadilika kamwe, kinachosema 127 asubuhi ya baridi na mchana wa jua, hakipimi kitu. La pili, kama kosa laweza kutengenezwa, litengenezwe: kuhamisha waya mahali pake au kushusha kiwango cha onyo ili kilingane na feni ya polepole ni bora kuliko kulizima kabisa. La tatu, ikiwa halina budi kuzimwa, iandikwe. Karatasi ndogo ibandikwe ubavuni mwa mashine: onyo la feni limezimwa, tarehe fulani, kwa sababu hii; fungua na kutazama kila mwezi. Anayefuata ajue asichoweza kuambiwa na mashine.

Na kwa swali la pili, jibu letu ni kwamba shahidi anayetufurahisha ndiye wa kuhojiwa zaidi, kwa sababu hana mtu mwingine wa kumhoji. Yule anayetutisha hatamkosa. Hofu yetu wenyewe itamchunguza, tutaita fundi, tutauliza jirani. Anayetuambia kwamba yote ni mazuri huingia bila kubisha hodi. Twaona hivyo katika vikundi vyetu vya kuweka na kukopa: daftari likionyesha fedha zimepungua, kila mtu hudai zihesabiwe upya, likionyesha zimezidi, watu hupiga makofi na kwenda nyumbani, ingawa fedha zilizozidi huonyesha kosa sawasawa na zilizopungua. Mzazi akiletewa alama mbaya huenda shuleni kuuliza. Akiletewa alama nzuri kuliko bidii aliyoiona nyumbani, haulizi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi huyaficha maradhi yetu mara nyingi kwa kuchagua kipimo kinachotupendeza.

Twawaomba basi vijana wetu wenye ufundi huu, kabla mashine haijatoka mikononi mwao kwenda kwa mwingine, wasimame mbele yake kwa dakika chache na kuzisoma namba zote, zile mbaya na hasa zile nzuri. Nasi tunaozipokea mashine hizo tuwaulize bila haya: ni maonyo gani umeyazima, na kwa nini? Fundi mwema hatakasirika kuulizwa. Atachukua kalamu na kuandika.